Meru Nzima, na Boma la Mama Nalepo

Tumsifu Yesu Kristo. Wazee wangu, shikamooni. Mimi ni Anneth, mdogo wake marehemu, familia imenituma nisome historia yake kabla hatujamsafirisha, na nitaisoma, ingawa tangu asubuhi nina hasira, na sababu yake mtaisikia.

Kaka yetu Aristides Anande Kileo alizaliwa Kibosho tarehe 14 Machi 1971, akasoma shule ya msingi hapohapo kijijini, akamaliza kidato cha nne Moshi mwaka 1989, wazee wakamwandalia nafasi katika duka la baba mdogo, akaikataa, akaja Arusha kujifunza kupiga picha, na tangu hapo kwenye vikao vya ukoo jina lake likawa ni yule aliyepotea.

Mwaka 1998 alifungua studio Ngarenaro, na tarehe 6 Mei 2000 akafunga ndoa na Agnela, wakajaliwa Derick na Hope. Wengi mliokaa hapa amewapiga picha za harusi, amewapangusa jasho, amewanyoosha tai. Lakini moyo wake ulikuwa kwenye picha ndefu za mandhari, anasimamisha kamera kwenye stendi, anapiga, anaigeuza kidogo, anapiga tena, kila picha ikilalia ukingo wa mwenzake, kisha anaziunga ziwe moja. Mlimcheka. Mlisema mlima hauolewi, anaupigia picha za nini.

Mwaka 2016 alikwenda Oldonyo Sambu kuupiga picha Mlima Meru kutoka magharibi, na Mama Nalepo, ambaye boma lake lilikuwa mbele ya kamera, akamwambia, "Wote wanakuja kuchukua mlima, sisi wanatuondoa. Na wewe utatuondoa?" Kaka akamwahidi kwamba hatamkata kwenye picha. Alirudi kule miaka na miaka, mara mawingu, mara vumbi, mpaka Juni 2023 alipoipata picha yenyewe, kilele katikati, mashamba kulia, korongo na boma kushoto. Hoteli moja ikataka kilele peke yake, akakataa, mkamwita mjinga.

Septemba mwaka huohuo moyo ulianza kumsumbua, akalazwa mara mbili, na tarehe 9 Februari 2024 alifariki nyumbani hapa Lemara, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa Agnela.

Sasa tazameni bango lililo nyuma ya jeneza. Kamati ya mazishi imechukua picha ileile, imeikata ienee, na palipokuwa na boma imebandika sura ya marehemu. Mjane hakuulizwa, watoto hawakuulizwa. Alipokuwa hai mlimcheka, na sasa mmemvunjia ahadi akiwa amelala mbele yenu. Mama Nalepo amefika leo, amelitazama bango, akaniuliza kwa upole nyumba yake iko wapi. Niliona aibu kwa ajili yenu.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani wa Lemara mliolala nasi msibani, na wapiga picha wenzake wa Ngarenaro. Kamati tunaishukuru kwa chakula na mahema. Kwa bango, hapana.

Derick, lishushe. Hope ameleta picha nzima, ni ndefu kuliko jeneza, tutaitandika juu yake na itakwenda naye hivyohivyo mpaka Kibosho. Mama Nalepo, sogea mbele, boma lako liko upande wa kichwa chake.

Kaka Aristides, pumzika kwa amani, wewe hukumkata mtu.