Bi Nukta na Miaka Tisa ya Chumba Kimoja

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu. Leo tunamkumbuka mwandishi wa kitabu kimoja tu. Ofisini walimwita Bi Nukta. Jumanne iliyopita, saa tisa alasiri, Bi Nukta alifariki dunia.

Alikuwa msahihishaji wa gazeti, na jicho lake halikupitwa na kosa. Ila siku moja dereva wa lori, aliyeleta karatasi za kuchapia, aliokota gazeti akalisoma. "Dada, huyu mkurugenzi anawashukuru wafanyakazi wake, au anawashuku?" Bi Nukta aliona haya, kisha akacheka mpaka machozi. Mwaka haukuisha, wakaoana. Wakajaliwa binti mmoja.

Binti alipokwisha kuolewa, kiharusi kikamwangusha dereva. Upande wa kulia ukafa, na sauti ikapotea. Miaka tisa, wasikilizaji. Miaka tisa kitandani. Daktari aliagiza ageuzwe kila baada ya saa mbili, asije akatoka vidonda. Bi Nukta akaacha kazi. Mume pandikizi la mtu, mke mwembamba kama uzi. Sokoni alikwenda mbio, akarudi mbio. Dirisha la chumba lilitazama ukuta wa jirani, naye akaujua ukuta ule ufa kwa ufa.

Dereva akafa. Mlango sasa ulikuwa wazi, lakini Bi Nukta hakutoka.

Binti yake anatusimulia: "Nilimwambia, mama, njoo ukae kwangu. Akaniuliza, baba yako nitamwacha na nani? Na baba tulikuwa tumemzika miezi minne nyuma."

Kila baada ya saa mbili alinyanyuka. Aliingia chumbani, akashika godoro tupu, akarudi kuketi. Kati ya safari moja na nyingine, ndipo alipokiandika kitabu chake.

Kilipotoka, sentensi moja iliupasua ukoo: "Nilimpenda mume wangu, na kila asubuhi nilimwombea afe."

Wifi yake, dada wa marehemu, akaja nacho mkononi. "Ya chumbani umeyaanika uani. Kaka yangu alikukosea nini?"

"Hakunikosea, wifi. Ndiyo maana sikuweza kutoka."

Wifi akaondoka bila kuaga. Miaka mitatu hawakusemezana.

Jana, msibani, wifi huyohuyo alituambia hivi: "Mwaka jana mume wangu aliugua. Wiki ya pili tu, asubuhi, nikajikuta naomba ombi lile lile. Nikaogopa. Nikampigia wifi yangu simu. Hakunisuta. Alikuja na begi lake, akashika shuka nililokuwa nafua, akasema, toka, katembee. Nikafika barabarani, nikakaa juu ya jiwe, nikalia weee."

Bi Nukta alibaki pale wiki nne, mpaka shemeji yake akaweza kusimama. Binti anasema, tangu baba yake augue, mama yake hakuwahi kulala nje ya nyumba ile. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza.

Kwa binti, kwa wifi, na kwa wasahihishaji wenzake, tunasema poleni sana. Mola awape subira, naye ampumzishe.

Katika ukurasa wa mwisho aliandika: "Wageni wote waliuliza mgonjwa anaendeleaje. Nikazoea kumjibia yeye."

Basi, msikilizaji, ukienda leo kumjulia hali mgonjwa, usiishie kitandani. Pita na jikoni. Kuna mtu huko.