Binti wa Mzee Kisima

Marehemu dada yetu alizaliwa tarehe 9 Aprili 1967, kifungua mimba wa fundi mwashi na mkewe. Mwaka huohuo baba alichimba kisima nyuma ya nyumba kwa mikono yake, na mtaa mzima ukaja kuchota. Ndipo akaitwa Mzee Kisima.

Alisoma shule ya jirani. Meno yake, kama ya wenzake wengi, yalikuwa na madoa ya kahawia, akawa anacheka amefunika mdomo kwa kiganja. Mama alimsugua kwa mkaa, wapi! Chuo kikuu alisomea kemia ya miamba na maji ya ardhini, akapata uzamivu mwaka 1998, akabaki hapo akifundisha na kutafiti.

Mumewe, fundi wa pampu, alimpata kwa ugomvi. Alimkuta kwenye kisima cha mtaa mwingine alikokwenda kuchukua maji ya kupima, ameacha pampu ikimwaga maji, mkononi ana kichupa.

“Dada, maji yote haya kwa ajili ya hicho kichupa?”

“Haya yamelala kwenye bomba. Nayataka ya chini.”

Walioana tarehe 12 Agosti 2000, wakajaliwa mabinti wawili.

Mwaka 2006 alipima maji ya kisima cha baba. Floridi ilikuwa nyingi mno, ile inayoharibu meno ya watoto na kupinda mifupa. Alirudia kupima, akiomba awe amekosea. Kisha akamwambia baba kabla ya mtu mwingine yeyote.

“Kwa hiyo nimewanywesha watu sumu?”

“Hukujua, baba.”

“Basi niache nisijue.”

Hakumwacha, maji hufuata mkondo, na ukaidi aliutoa kwake. Kisima kilifungwa, mtaa ukaletewa maji safi, na baba akaacha kuzungumza naye. Kila sikukuu alikuja, akaamkia, akaitikiwa kwa kichwa. Alilia jikoni kwa mama, akanawa uso, akarudi kukaa sebuleni na baba.

Januari 2023 aligundulika na saratani ya kongosho. Alifariki asubuhi ya Jumanne, tarehe 4 Juni 2024. Siku iliyotangulia baba alifika hospitali, akamshika mkono, akaongea naye sana. Muuguzi alimweleza kwa upole kwamba mgonjwa hasikii tena. Baba aliendelea kuongea.

Ameacha mume, mabinti wawili, wadogo zake watatu, wanafunzi aliowaita wanangu, mama, na baba, ambaye ameomba haya yasomwe mbele ya mtaa wote: “Maji yangu yalikuwa mabaya. Mwanangu alisema kweli, nami nikamnunia mpaka nikachelewa. Pumzika kwa amani, mama.”