Bosi Siyo Baba Mkwe

Mwaka ule sukari iliporudi madukani, Dorkas alipanda basi la Bunda kwenda Musoma, akawa anawasikiliza wasafiri wawili wa mbele yake. Nathanieli, fundi wa mashine, alikuwa anakwenda kuonana na bosi aliyetaka kumhamishia Dar es Salaam kwa mshahara uleule. Boke, muuza samaki, akajifanya bosi ili amfundishe kudai zaidi.

“Kijana, si unashibaga hapa?”

“Nashiba, mzee. Ahsante.”

“Mwanangu, huyo ni bosi, siyo baba mkwe,” Boke akamkemea. “Mwambie nani anakushibisha.”

Nathanieli akakaza sauti. “Maziwa naletewaga na mama, samaki na shemeji. Kule nitanunua hata mchicha. Niongezee, au unihamishe na ng'ombe wa mama.”

Boke akacheka mpaka ubosi ukamtoka. Basi likasimama stendi kabla hajajibu, na Dorkas akaanza kumwombea bosi wa kweli.