Marehemu Egidi Komba na Bakuli la Pili

Ndugu mlioshuka kutoka milimani na ninyi wenyeji wa kando ya ziwa, poleni kwa msiba. Kabla udongo haujarudishwa, familia inaomba masikio yenu kwa habari za Mzee Egidi Komba. Zitasomwa na mdogo wake, Nazari, kwa namna marehemu alivyoagiza mwenyewe, pamoja na zile ambazo ukoo ulikaa jana mchana kutwa ukibishana kama zibaki nyumbani.

Marehemu alizaliwa Litumbandyosi mwaka 1901, mtoto wa pili wa mzee Kiliani Komba na mama Lusia. Tarehe haikuandikwa. Mama yake alikuwa akisema tu kwamba ilikuwa wakati wa kupalilia maharage, na kwamba hakumaliza shamba lile kwa sababu yake. Alibatizwa Kigonsera mwaka 1909. Utotoni hakulijua ziwa. Maji aliyoyajua ni ya kijito ambacho mtu mzima hukivuka bila kukunja nguo.

Alisoma Kigonsera kuanzia mwaka 1910 mpaka vita vilipozuka. Alijua kusoma, kuandika na kuimba sauti ya chini, lakini hesabu hazikumkubali hata kidogo. Baada ya vita alikuwa msaidizi wa mafundi waashi wa misheni, na kazi yake ilikuwa kuchagua mawe na kokoto mitoni. Alikuwa akigeuza kokoto kiganjani kama mama anayechagua maharage ya mbegu, na mafundi walimtania kwamba ataoa jiwe.

Hakuoa jiwe. Mwaka 1925 alishuka ziwani Lituhi kujenga ghala la mfanyabiashara mmoja, akamwona Kunigunda, binti wa mvuvi Nathanieli, na tangu siku hiyo ghala likaanza kujengwa polepole. Ili apate sababu ya kukaa karibu na nyumba ile, alijifanya anajua kuvua. Alipewa ufito wenye mshipi na ndoana, akaurusha kwa nguvu zake zote, na ndoana ikanasa shuka ya mzee Nathanieli aliyesimama nyuma yake. Nusura mzee wa watu abaki mtupu. Vijana wa ziwani walicheka hadi wakakaa chini. Mzee Nathanieli alishika shuka yake kwa mikono miwili, akasema, "Mmatengo huyu wa milimani amevua mkwe kabla ya kuvua samaki. Mpeni maji anywe, tuzungumze." Walifunga ndoa tarehe 11 Januari 1926, na Mungu akawajalia watoto wanne, wa kwanza Hyasinti.

Kwa mkwewe alijifunza uvuvi wa kweli, akaujua mto Ngwinde wakati bado una heshima yake. Mvua zikikolea, mbasa walitoka ziwani, samaki weupe wa kung'aa, wakapanda mto kutaga mayai kwenye kokoto. Baadaye misitu ya mlimani ilifyekwa, mihogo ikapandwa kwenye miteremko, tope likashuka na kufunika kokoto zote. Wengine walifunga mto kwa migono, mitego ya samaki, kutoka ukingo hadi ukingo. Wengine walimwaga utupa, sumu ya majani, wakaokota walichotaka na kuacha vilivyobaki vioze. Mwaka 1944 mvua ilinyesha, mto ukajaa, na mbasa hawakuja.

Mwaka 1946 marehemu, pamoja na Bernadi Nchimbi kama karani, alianzisha Chama cha Kutunza Mbasa na Uvuvi wa Ndoana. Watu waliuita Chama cha Mawe. Aliwafundisha wenye mashamba ya juu kuchimba ngolo, yale mashimo ya Wamatengo yanayozuia udongo usikimbie. Kila kiangazi wanachama walizoa tope na kutandika kokoto safi mtoni. Wakati wa mvua mto ulifungwa kwa watu wote. Pasaka ikipita ulifunguliwa kwa ndoana peke yake, yakafanyika mashindano, na aliyevua mbasa mkubwa alipewa jogoo. Marehemu alishindana kila mwaka na hakupata jogoo hata mara moja. Ilimkera kweli, wala hakuficha. Lakini mbasa walirudi. Kwanza walionekana wachache, na kufika mwaka 1950 watoto waliweza kukaa ukingoni na kuwaona wakipita.

Chama kilikuwa na adhabu moja. Aliyevua wakati mto umefungwa alibeba vikapu kumi vya kokoto Jumapili baada ya misa, chombo alichovulia kimefungwa shingoni, watu wakitazama. Kokoto zilirundikwa ukingoni zingoje kiangazi. Marehemu ndiye aliyeitunga adhabu hiyo, na aliipenda kupita kiasi.

Februari 1951 alishikwa Mama Bonifasia, mjane, akiwa na mgono wenye mbasa mmoja. Alipiga magoti mbele ya kamati.

"Shikamoo, Mzee Egidi. Mtoto wangu ametoka kwenye homa, ugali mtupu haumshuki. Nilitaka mchuzi tu, baba yangu."

"Marahaba. Sheria haiulizi nyumbani kwako kuna nini," alijibu marehemu. "Jumapili uje na kikapu."

Alikuja. Alibeba vikapu vyote kumi, mgono ukimgonga kifuani, na baadhi ya walioko hapa leo walimzomea. Kamati ilimpongeza mwenyekiti wake kwa msimamo. Marehemu alirudi nyumbani kifua mbele, akala, akalala usingizi mzuri. Miaka iliyofuata alikuwa akiisimulia habari hiyo kwa wageni kuonyesha jinsi chama kisivyo na upendeleo.

Tumbo lilianza kumsumbua mwaka 1955. Alitibiwa zahanati ya misheni, akapata nafuu, akarudi nyuma. Kufika Februari mwaka huu alikuwa amebaki mifupa na sauti. Chakula kilimkataa, uji wenyewe alikuwa akiutazama tu. Mke wake alivumilia mpaka akashindwa. Siku moja asubuhi, mto umefungwa na mbasa wakipanda, Mama Kunigunda alichukua ufito wa mumewe mwenyewe, akaenda Ngwinde, akavua.

Mchana alimletea mchuzi, akamwambia ni wa dagaa wakavu. Marehemu alionja. Akanywa bakuli zima bila kupumzika, jasho likamtoka, macho yakafunguka.

"Mama Hyasinti, hawa dagaa wametoka wapi? Niongeze."

Akaongezewa. Katika bakuli la pili, chini ya kijiko, aliona kipande cha mayai ya samaki, manjano, kikubwa kama punje ya hindi. Mtu aliyelinda mayai hayo miaka kumi na moja hakuhitaji kuambiwa ni ya nani. Aliyatazama. Kisha akanywa mchuzi, akayatafuna na mayai yenyewe, akalamba kijiko.

Ndipo aibu ilipomshika. Aligeukia ukutani mpaka jua likazama. Mke wake alidhani amemkasirikia, akaanza kulia. "Usilie," alimwambia. "Bakuli la kwanza ni lako, nalo lilikuwa la huruma. La pili ni langu. Nilijua, Mama Hyasinti. Nilijua, na lilikuwa tamu." Akafunika uso kwa shuka kama mtoto. Alikuwa akimfikiria Bonifasia: kwamba yule alitaka mchuzi kwa ajili ya mtoto, na yeye, mzee aliyekwisha kula chumvi yake, alishindwa kuweka kijiko chini.

Aliita kamati, akajishtaki mwenyewe. Bernadi Nchimbi alijaribu kulimaliza jambo palepale kitandani. "Mzee, wewe ni mgonjwa. Mchuzi wa mgonjwa ni dawa, na dawa si kosa. Tusifungue midomo ya watu."

"Mtoto wa Bonifasia alikuwa mzima?" aliuliza marehemu.

Bernadi alitazama miguu yake. Wajumbe wengine walikohoa. Familia inasema wazi kwamba swali hilo linangoja jibu mpaka leo.

Jumapili tarehe 24 Februari, baada ya misa, marehemu alipelekwa mtoni kwa machela, ufito wake umefungwa shingoni kama alivyotaka. Watu walijaa kingo zote mbili. Alishushwa kando ya kikapu cha kwanza, akakishika mikono yote miwili, akajikaza. Kikapu hakikusogea. Akatoa kokoto moja, akaishika kiganjani, na machozi yakamtoka mbele ya watu aliowahi kuwatoa wao machozi.

Mama Bonifasia alitoka katikati ya watu. Wengi walidhani amekuja kucheka, na haki hiyo alikuwa nayo.

"Mzee Egidi," alisema, "vyangu nilibeba mwenyewe. Vyako nitakubebea. Lakini kwanza uwaambie hawa kwamba siku ile mlinionea."

"Nilikuonea, mama," alisema marehemu.

"Waliopo ng'ambo hawajasikia."

Marehemu akakusanya sauti yake yote, ile ya chini aliyokuwa akiimbia kanisani. "Nilimwonea Bonifasia! Sheria niliitunga mimi, na moyo sikuutia!"

Bonifasia akajitwika. Alibeba vikapu sita, hakuna aliyemsaidia, maana kila mtu alikuwa akimtazama mwenzake. Kisha mvua kubwa ikashuka, marehemu akaanza kutetemeka, wakamrudisha nyumbani. Vikapu vinne vikabaki.

Hakuinuka tena kitandani. Alipokea sakramenti za wagonjwa, akaagiza mambo matatu: kwamba mke wake asinyooshewe kidole na mtu yeyote, kwamba mgonjwa na mtoto wapewe samaki hata mto ukifungwa, kamati ikijua, na kwamba kaburi lake, yeye aliyekuwa mwashi, lisiwekewe hata jiwe moja kabla vikapu vinne havijafika Ngwinde. Alifariki Jumamosi tarehe 16 Machi 1957 asubuhi, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa Mama Kunigunda.

Ameacha mjane, Kunigunda, watoto wanne, Hyasinti, Walburga, Serafina na Meinrad, mdogo wake Nazari, anayewasomea habari hizi, wajukuu tisa, na Chama cha Mawe, ambacho familia inakiombea kipate mwenyekiti mwenye masikio.

Vikapu vinne vimejazwa, vipo pale kando ya njia. Mama Bonifasia amekuja na kata yake kichwani, lakini amesema leo hatatangulia. Anataka kuona nani katika kamati atajitwika cha kwanza.

Mwenyezi Mungu ampokee Egidi Komba na ampe pumziko. Sala ikiisha na udongo ukirudishwa, tunaelekea mtoni.