Mzee Tawete na Zawadi Iliyofunguliwa Kabla ya Siku

Mzee Fulgence Tawete anastaafu tarehe thelathini Juni mwaka huu, baada ya kulitumikia Duka la Ushirika Tuinuane, hapa Majengo, Songea, kwa miaka thelathini na mmoja. Aliingia akiwa kijana wa kubeba mifuko ya mbolea. Anatoka akiwa msimamizi wa meza ya marejesho, ile iliyo karibu na mlango, ambayo kila mteja hujifanya haioni mpaka siku kitu chake kiharibike.

Kamati ya kumuaga imenipa mimi niandike kwa sababu nimekaa naye muda mrefu kuliko wengine. Chai yake nimeipika tangu Noela wangu yuko mgongoni, na sasa Noela ana wake mgongoni. Mazuri yake ni mengi na nitayasema. Lakini lipo pia jambo la mwezi huu lililotutia aibu sisi wafanyakazi wenzake, nalo nitaliandika, maana yeye mwenyewe ameomba lisirukwe.

Mzee Tawete ni mzaliwa wa Matogoro. Ufundi wa redio alifundishwa na mjomba wake, ila hapa dukani hakuna aliyejua, kwa kuwa hakuna aliyemuuliza. Siku moja mkulima alirudisha redio mpya, keshia wa wakati huo akambishia kwamba ameiangusha mwenyewe. Wakagombana mpaka watu wakajaa. Fulgence akatua mfuko wa mbolea, akaomba bisibisi, akaifungua ile redio mbele ya watu. Waya mmoja haukuwa umeunganishwa tangu kiwandani. Meneja wetu wa kwanza, marehemu Mzee Raphael, akamwambia mbolea aiache, wabebaji wapo.

Tangu hapo hakuna kitu cha umeme kilichotoka kwenye duka hili bila kuwashwa. Pasi, taa, jiko, pampu, vyote huwashwa mteja akiwa anaona. Msimu wa mbolea foleni hufika barabarani na watu hulalamika kweli, lakini yeye utamsikia anasema tu, kiwashe kwanza, kiwashe kwanza, ndiyo maana watoto wa Majengo wanamwita Babu Kiwashe. Kuna siku alikuwa anajaribu pampu ya kumwagilia kwa ndoo ya maji, mpira umeelekea mlangoni, na mwenyekiti wa bodi ndiyo kwanza anaingia na suti ya kwenda harusini. Alilowa kuanzia tai kushuka chini. Mzee Tawete akazima mashine, akamgeukia mteja, akasema, "Hii nzima, chukua." Harusini mwenyekiti alifika na koti la kuazima.

Alipambana sana na mambo tunayoyaamini sisi watu wa kawaida. Mvua za radi zikianza hapa Songea, tunafunika vioo kwa khanga, halafu televisheni tunaiacha imechomekwa ukutani. Yeye alikuwa anasema funika kioo ukipenda, hakuna ubaya, ila chomoa waya. Mama mmoja wa Msamala aliuogopa mtungi wa gesi hata akawa anaufunika kwa blanketi lililolowa maji kila anapopika. Mpira wa gesi wenyewe ulikuwa umepasuka na ameuzungushia plasta ya kidonda! Mzee Tawete alimpakia povu la sabuni kwenye ule mpira, mapovu yakaanza kuvimba, akamwambia, "Mama yangu, mtungi ni chuma, unamwonea bure. Mchawi wako ni huyu." Hata leo kila anayenunua mpira wa gesi hapa huonyeshwa jinsi ya kuupaka povu kabla hajatoka.

Meneja mwingine, ambaye hayupo tena, alituletea muhuri wa kugonga kwenye risiti, umeandikwa kwamba bidhaa ikishauzwa hairejeshwi. Mzee Tawete hakuugonga hata mara moja. Alisema aliyelipia kitu kizima ana haki ya kupata kizima, na haki hiyo haifutwi na wino. Walivutana karibu mwaka mzima. Muhuri ukakaukia kwenye droo.

Lakini kilichomsumbua kuliko vyote ni haya ya wateja. Watu wetu huona aibu kurudisha kitu. Mtu anakuja na pasi chini ya khanga, anauliza bei ya chumvi, anasalimia, anaondoka, anarudi tena. Anafikiri ataonekana mgomvi, au hana hela, au ni yeye aliyeharibu. Wengine wanaamini ukishafungua boksi basi haki yako imetoka na hewa. Kwa hiyo Mzee Tawete aliweka utaratibu wake: anakupa kiti, ukae, halafu useme shida yako kwa sauti, watu wakisikia. Kunong'ona alikukataa. "Sema, mama, wewe hujaiba." Wengi hawakuupenda utaratibu huo, na mimi nilikuwa naona anawatesa watu.

Sasa nafika kwenye jambo la mwezi huu.

Kamati ya kumuaga ilikuwa ya watu watatu: mimi, Violeth wa stoo na Goodluck keshia. Tulikubaliana tumpe sola, kwa sababu nyumba yake iko upande wa juu kule Matogoro na nguzo za umeme hazijamfikia. Tulikataa kununua humu dukani, tukihofia ataijua kabla ya siku. Goodluck akampata muuzaji kwenye simu. Picha nzuri, watu wanamsifia, kuna bibi anacheka chini ya taa. Violeth akasema, "Watu wote hao wanaomfuata watakuwa wajinga?" Tukatuma pesa. Boksi likaja kwa basi kutoka Dar, na lilikuwa zito. Goodluck alilibeba kutoka stendi akiguna, na sisi tukafurahia lile guno. "Hii ni mali," alisema. "Feki haiwi nzito hivi."

Hakuna aliyesema tuiwashe. Zawadi kwetu haikaguliwi. Inafungwa karatasi ya kumetameta, inapigiwa vigelegele, mwenyewe anakwenda kuifungua nyumbani na watu wake. Halafu Goodluck alikuwa anatuhakikishia kwamba boksi likifunguliwa waranti inakufa hapohapo. Watu watatu wa duka ambalo hata balbu haitoki bila kuwaka, tukalizungushia boksi utepe.

Mimi ni mtu wa wasiwasi, wanaonijua wanajua. Nikaanza kufikiria Mzee amefika Matogoro, wakwe wamekuja, wajukuu wamejipanga, anabonyeza, giza. Je, angeirudisha? Asingeirudisha. Nani anarudisha zawadi? Angeshukuru mpaka anaingia kaburini, huku amekaa na kibatari chake. Mtu aliyewafundisha watu wa Songea kudai haki yao angekuwa ndiye peke yake asiyeweza kuidai. Jumatatu nikawaambia wenzangu, tunafungua.

Goodluck alinishangaa. "Mama Noela, unafungua zawadi ya mtu? Waranti si itakufa?"

"Ikifa, ifie hapa Majengo, mwanangu. Isiende kufia Matogoro."

Tukaitoa uani kwenye jua. Taa ziliwaka, zikapepesa, zikazima, hazikuwaka tena. Goodluck akalifungua kasha la betri. Ndani kulikuwa na kibetri kama cha tochi, na pembeni yake bonge la saruji limeviringishwa karatasi ya gundi. Ndio uzito tulioufurahia. Violeth aliichukua ile karatasi ya kumetameta akajifunika nayo uso.

Simu ya muuzaji ikawa haipatikani, baadaye tukaona ametufungia. Goodluck akasema atatoa mshahara wake, tununue nyingine kimyakimya, hii tuitupe kwenye shimo la taka, Mzee asijue. Violeth akakubali. Na mimi ulimi wangu ulikuwa umeshaanza kukubali. Ila nikajiuliza, mteja wetu angefanya hivyo, Mzee Tawete angesemaje? Nikalibeba boksi chini ya kitenge. Wenzangu wakanifuata nyuma kama watoto wanaopelekwa kuchomwa sindano.

Tulitegea saa ya mchana tukidhani foleni imeisha, kumbe watu wametoka kuuza mahindi, duka limejaa. Tukazunguka. Violeth akamuuliza Mzee kama ameshakunywa chai. Mimi nikamwamkia shikamoo kwa mara ya pili siku hiyohiyo. Akaitikia, akakitazama kile kitenge kilivyovimba. "Mama Noela, huo ni mzigo au umri umerudi nyuma?"

Watu wakacheka. Akatusogezea kiti kimoja, watu watatu. "Haya, semeni. Kwa sauti."

Goodluck akasema yote, na sare ya duka kaivaa. Kwenye foleni alikuwepo Bi Tabu, anauza vitumbua Msamala, amekuja na pasi yake. Akapiga makofi. "Haa! Kumbe na wauzaji huuziwa! Si ninyi mnaotuwashia mapasi mpaka watoto wetu wanalala njaa? La kwenu mliliwasha?" Duka zima likacheka. Nikatafuta pa kuuweka uso wangu sikupata.

Mzee Tawete hakucheka. Kwenye kona ya boksi kulikuwa kumebaki kipande cha karatasi ya kumetameta na nusu ya neno Hongera. Akakigusa kwa kidole, akavua miwani. Akauliza polepole, "Mlikuwa mnanipa mimi?"

Kicheko cha Bi Tabu tulikivumilia, swali hilo lilitumaliza. Mzee akasema naye anaona aibu, wateja amewafundisha, sisi tuliokuwa nyuma ya mgongo wake miaka yote alidhani tunasikia. Akavaa miwani. "Haya, mteja ni nani hapa? Jina lako nani, kijana?" Akamhudumia Goodluck kama mgeni.

Hapo Bi Tabu akaacha kucheka. Alisogea, akalitazama boksi, akasoma jina la muuzaji. Akasema, kwa sauti ndogo kuliko ya mwanzo, kwamba na yeye analo kama hilo, liko chini ya kitanda tangu Pasaka, na mumewe anamdanganya kwamba linasubiri fundi. Mwalimu Saimon, aliyekuwa nyuma yake, akaguna tu, "Hata langu." Habari ikatoka nje, na kabla ya Jumamosi benchi letu lilikuwa limejaa watu waliokuwa wameficha saruji majumbani mwao, kila mmoja akidhani ni mjinga peke yake.

Mzee Tawete akawaambia wasifute ujumbe wowote, wasitupe kibandiko cha mzigo, na waende wote pamoja polisi na kwenye ofisi ya haki za walaji, asiende mtu mmojammoja. Kwenye vibandiko kulikuwa na namba nyingine ya simu. Tuliipiga, kumbe ni ya wakala anayepokea mizigo hiyo stendi; aliposikia watu wanakuja kwa kundi, alikuja mwenyewe na jina la kweli la bosi wake. Hatujarudishiwa kitu mpaka naandika haya, shauri bado linakwenda. Bi Tabu ndiye analifuatilia, na hanong'oni tena.

Goodluck ameomba yeye mwenyewe aachiwe meza ya marejesho, na bodi imekubali. Sisi watatu bado tuna aibu. Ukituona leo ukumbini tunakwepa macho ya watu, usitushangae.

Tunamshukuru Mama Aurelia, mkewe, kwa kutuazima mume miaka yote hii. Nawe Mzee wetu, asante kwa kila kitu ulichokiwasha. Tunakuombea afya njema, mahindi yajae ghalani, wajukuu wakuchoshe vizuri, na ukae kwako kwa amani na mwanga.

Zawadi yako ni ile sola iliyo pale mezani, haina karatasi wala utepe, tumeinunua humuhumu dukani na inawaka tangu asubuhi. Ikikorofisha, hata iwe wiki ijayo, ibebe uirudishe. Usituonee haya.

Paskalina Gama (Mama Noela), mhudumu, kwa niaba ya wafanyakazi wote