Gari la Pomboo Mbele ya Nyumba ya Merv

Ijumaa ya tarehe 28 Machi, saa kumi jioni, Mervyn Tolhurst alirudisha ufunguo wa gari la pomboo na kustaafu, baada ya kulitumikia Duka la Mabwawa la Zunker, hapa Bundaberg, kwa miaka thelathini na moja. Kofia yake hakuirudisha, nasi hatukuidai, maana hakuna mwenye ujasiri wa kuishika.

Merv alitujia kutoka kiwanda cha sukari, fundi wa mabomba asiyejua kuogelea. Hadi leo hajui. Ametumbukia kazini mara mbili, zote upande wa kina kifupi, na mara zote mbili alitoka analalamika kwamba klorini haitoshi. Kwa hiyo hata ajali zake zilikuwa na faida kwa kampuni.

Wenzake wa karakana wanakumbuka kwamba hakuwahi kuharakishwa na mtu. Mwenye bwawa mjini kwetu ana maadui wawili: jivu linaloruka miwa ikichomwa mashambani, na mvua ya radi inayofuata. Ukiongeza uvivu wa mwenye nyumba, maji hugeuka kijani kabla hajamaliza kulaumu majirani. Merv alikuwa akifika, anaziopoa takataka, anazisugua kuta kwa brashi, anatia klorini jua likishuka, anawasha pampu na kuamuru isizimwe. Kisha anamwambia mwenye nyumba jambo gumu kuliko yote: asiguse kitu.

Hawakuweza. Siku ya pili au ya tatu maji huacha ukijani na kuwa meupe meupe, na hapo ndipo simu ya mapokezi, yaani simu yangu, ilipokuwa ikiwaka moto. Siku moja nilimwekea Merv simu kwenye spika akiongea na mteja wetu Mama Hansen, na ofisi nzima ilisikiliza.

"Merv, njoo upesi, maji yamekuwa maziwa."

"Tulia, mama. Mwani umeshakufa. Yamebaki mazishi tu, na mzishi ni chujio, hana haraka. Usitie kitu."

"Nimetia kidogo tu."

"Umetia nini?"

"Vyote vilivyokuwa kabatini."

Merv alivua kofia, akaikuna, akaivaa. Hasira zake huishia hapo.

Lakini jambo lililomtofautisha na mafundi wengine ni pale alipoegesha gari. Kila mtu mjini anamjua pomboo wetu, mkubwa, wa samawati, aliyechorwa akicheka ubavuni mwa gari la kazi. Likisimama mbele ya nyumba yako, mtaa mzima unajua maji yako yameoza, na Jumamosi hakuna atakayeleta watoto wala nyama ya kuchoma. Merv aliwahurumia watu. Aliegesha mbele ya kanisa au mbele ya duka la mikate, kisha akatembea na mapipa na mipini begani kama mtu anayehama. Kwa kuona haya kuegesha bure, kila mara alinunua pai ya nyama. Kitambi mnachokiona ni gharama ya kutunza siri za watu, na mwokaji amempoteza mteja wake bora.

Tulimbembeleza miaka yote atuambie mabwawa ya nani yalikuwa yameharibika. Hatukupata hata jina moja.

Ndiyo maana, miaka kumi na moja iliyopita, mwezi wa Novemba, gari la pomboo lilipoonekana mbele ya nyumba ya Merv mwenyewe, mchana kutwa, wiki nzima, hatukuhitaji kuuliza. Mtu anayewafichia wote na kujianika mlangoni kwake anamtibu nani kama si yeye? Dino Pagliarulo wa stoo alimuuliza pampu kubwa aliyoiazima ni ya bwawa lipi. Merv akajibu, "La kwangu." Kufikia chakula cha mchana alikuwa ameshapewa jina: Merv Kijani. Nami nilicheka na wenzangu.

Mganga hajigangi, wakasema watu, na jina likatembea kwa miguu yake. Wateja wawili wakaomba fundi mwingine. Klabuni kwenye mchezo wa kubingirisha matufe, akina mama walimuuliza mkewe, Nola, kama siku hizi wanafuga vyura. Desemba ilipofika tukapiga kura ya fundi wa mwaka, ambaye hupewa paja la nguruwe la Krismasi. Merv alikuwa amelichukua miaka sita mfululizo. Mwaka huo tulimpa Dino, na bosi wetu, Glenys Zunker, ndiye aliyelikabidhi. Nakumbuka alilikabidhi haraka, akaondoka bila kunywa bia. Tulidhani ana homa.

Merv amesema haya yafuatayo yasiandikwe. Glenys amesema yaandikwe yote. Mshahara wangu unatoka kwa Glenys.

Ijumaa ya kumuaga tulikuwa klabuni, tumemaliza kamba wa kuchemsha, keki ya pavlova ya pasheni iko njiani. Glenys alisimama na karatasi ya hotuba, akaikunja, akaiweka chini.

"Bwawa lile lilikuwa langu," alisema.

Hakuna aliyeelewa, akalazimika kuendelea. Nyumba yake na ya Merv zinapakana kwa nyuma. Novemba ile bintiye, Kirsten, alikuwa anaolewa kando ya bwawa, lile lile ambalo picha yake iko juu ya mlango wa duka letu, na nusu ya wateja walikuwa wamealikwa. Wakwe waliofika mapema walilalamika kwamba pampu inavuma. Glenys akaizima kwa adabu, kisha akasahau kuiwasha. Jivu likaanguka, mvua ikanyesha, joto likafanya yaliyobaki. Zikiwa zimebaki siku nane, mwenye duka la mabwawa alikuwa na bwawa la rangi ya supu ya njegere.

"Nilimwambia Merv, wakijua hili, tunafunga duka. Akaniambia, 'Nenda kashone gauni, Bosi. Gari litalala kwangu.' Nilidhani anatafuta pa kuegesha tu."

Kumbe alikuwa akipitisha mapipa kwenye uwazi wa uzio wa nyuma. Kuegesha mbali kusingefaa safari hii. Wiki nzima ni ndefu, watu wangelitafuta bwawa. Basi akawapa la kulitazama, lake mwenyewe, lililokuwa safi muda wote ule. Maji ya Glenys yalitakata siku moja kabla ya harusi. Merv alihudhuria, na mchungaji akamshika bega mbele ya watu akamwambia, "Merv, mwanangu, jifunze kwa bosi wako." Merv akajibu kwamba anajitahidi.

"Nilitaka kusema tangu siku ile ya nyama," Glenys alimaliza. "Kila mara alinikataza."

Sote tulimgeukia Merv. Alikuwa amekasirika kweli. Kofia ilivuliwa, ikakunwa, ikavaliwa.

"Bosi, zimebaki saa tatu nistaafu. Umeshindwa kuvumilia saa tatu?"

"Mwache aseme," Nola alimwambia. "Miaka kumi na moja naulizwa habari za vyura." Akaanza kulia. Mimi pia nililia, na sioni aibu kuandika.

Dino aliondoka bila kuaga. Tulipokuwa tunakata pavlova alirudi amebeba paja zima la nguruwe, akaliweka mbele ya Merv.

"Lako hili, mzee. Nimechelewa."

"Lile la kwanza lilikuwaje?"

"Tamu."

"Najua. Ulinikaribisha, nikala vipande vitatu."

Saa kumi Merv alirudisha ufunguo, na Glenys akaupokea yeye mwenyewe. Hakuutundika. Aliliendesha gari la pomboo hadi kwake, akaliegesha mbele ya lango, ubavu wenye pomboo ukitazama barabarani, akatangaza kwamba litakaa hapo hadi Jumatatu ili mtaa uone na uulize, naye yupo kujibu.

Nilipita Jumapili baada ya ibada. Gari lilikuwapo. Pomboo hakuonekana: alikuwa amefunikwa turubai kuanzia juu hadi kwenye magurudumu, likafungwa kwa kamba vizuri sana.

Merv, asante kwa miaka yote hii, na asante kwa niaba ya wale ambao huwezi kuwataja. Wewe na Nola mkae salama, mle mshibe, na pampu isizimike. Turubai ni mali ya stoo, lakini Dino anasema ukae nalo.

Leanne Hohn, Mapokezi