Vipande Vyeupe vya Verna Hlavaty

Wasikilizaji wapendwa, leo sianzi na muziki. Nina hasira, na sitaki muziki uipoze.

Verna Hlavaty amefariki. Amefariki Jumanne, hapa hapa mjini kwetu, akiwa na miaka sabini na minane. Wengi wenu mnamkumbuka kama mama wa jikoni pale shuleni, aliyewapakulia tambi na kabichi kwa miaka ishirini na sita. Wengine mnamkumbuka kwa jina mlilompa. Mlimwita Mrusi. Wazazi wake walikuwa Waslovaki, yeye mwenyewe alizaliwa Mtaa wa Tatu, lakini mlimwita Mrusi.

Sasa nisikilizeni. Kabla ya jikoni, Verna alikuwa fundi wa maabara kule kilimani. Kule tulitengeneza na kupima metali za vinu vya nyuklia vya nyambizi. Kazi yake ilikuwa hivi: anachukua vipande vya zirkoni, metali inayofunika urani ndani ya kinu. Anavitia kwenye mtungi mnene wa chuma, ndani ya maji ya moto kupita kiasi, yaliyobanwa yasichemke. Siku kumi na nne. Kisha anavitoa. Kipande kizuri hutoka cheusi, kinang'aa kama kiatu cha bwana harusi. Kibovu hutoka cheupe, kinapukutika unga. Cheusi kinakwenda baharini. Cheupe hakiendi.

Machi 1959, fungu namba mia moja kumi na tisa lilitoka jeupe.

Mkuu wetu alikuwa Bwana Prewitt. Nasema mkuu wetu, kwa sababu nilikuwepo. Nilikuwa mpima uzito, meza ya pili kutoka kwa Verna.

"Wee Verna," Prewitt akasema, "umevishika kwa mikono yenye mafuta. Mchana umekula nini, soseji?"

"Nilivaa glavu, bwana."

"Basi hata glavu zako zinakula soseji."

Watu wakacheka. Nami nikacheka.

Verna akarudia kipimo. Glavu mpya, vipande vipya vya fungu lile lile, siku nyingine kumi na nne. Vyeupe! Lakini jeshi la majini lilikuwa linasubiri, na Prewitt alishachelewa. Akachukua kalamu, akaandika: vyeusi.

Ijumaa akaja ofisa wa majini kukagua. Verna hakuomba ruhusa ya mtu. Alikwenda moja kwa moja, akaweka kipande mezani, akakisugua kwa kidole gumba. Unga ukamwagikia karatasi za ofisa.

"Hiki nini, mama?"

"Fungu mia moja kumi na tisa. Wameandika ni jeusi. Wewe unaona rangi gani?"

Prewitt akatugeukia. "Kuna mwingine aliyeona jambo hilo?"

Tulikuwa watatu. Tuliangalia sakafu.

Ofisa aliondoka na kile kipande, na fungu lote likazuiwa. Halikufika baharini. Na wiki ile ile Verna akafukuzwa. Kosa lake? Kuzungumza mambo ya siri bila ruhusa. Mji haukuambiwa sababu, ukajitungia yake: kwamba aliwauzia Warusi siri. Akina mama wa kanisa wakaacha kumwita kukunja pirogi, vile vyakula vya unga vyenye viazi ndani. Mumewe, Stefan, akapigwa mara mbili kwenye baa. Naye Verna alikuwa ameapa kutosema, na hakusema. Hata kwa Stefan hakusema.

Mwaka juzi mafaili yalifunguliwa. Binti yake, Lorene, akaletewa nakala. Mstari mmoja tu: "Dosari iligunduliwa na Bw. Prewitt." Na Prewitt alipewa nishani kwa hilo. Nishani, wasikilizaji! Amezikwa nayo kifuani.

Lorene anasema mama yake aliusoma mstari ule, akavua miwani, akasema, "Angalau tarehe wamepatia." Akarudi kumenya viazi.

Jumatano nilimpigia Lorene simu. Nilimwambia nilikuwepo. Nilimwambia uzito wa vile vipande niliuandika kwa mkono wangu mwenyewe, na kwamba nilinyamaza kwa kuogopa kufukuzwa.

"Mama alijua, mzee," akasema. "Kila ukianza kuongea redioni, alikuwa anazima."

Nikaanza kuomba radhi. Akanikatiza.

"Usiniambie mimi. Waambie wao."

Basi nawaambia. Verna Hlavaty ndiye aliyegundua. Nasema tena: ni Verna Hlavaty. Wala hakuwa Mrusi, wala hakuiba siri ya mtu.

Lorene, na wajukuu wote, poleni sana. Najua pole yangu imechelewa. Mazishi ni kesho saa nne asubuhi, kanisa la Mtakatifu Kirilo. Mliovuka barabara kumkwepa, vukeni tena kesho, mwende kwake.

Nanyi mnaonisikiliza mkiwa kazini, tafakarini. Huenda yupo mmoja hapo amesimama na ukweli mkononi, na mkubwa anauliza nani mwingine ameona. Inua mkono. Ni mkono tu. Mimi sikuuinua, na leo ni miaka arobaini na miwili.